Jiwe la Bibi Mbele ya Duka la Ghorofa

Jiwe likikaa kwenye foleni, nani amekubali kwamba ni mtu? Nilimuuliza baba swali hilo nikiwa darasa la tatu, akaniambia naulizauliza kuliko umri wangu. Mwalimu alisema foleni ni nidhamu. Bibi alinipa jiwe nibebe.

Mwezi uliopita nilipita Mchafukoge, katikati ya jiji, nikakuta mafundi wanang'oa dirisha kubwa la lile duka la ghorofa. Kama ulikulia mjini unalijua. Sasa limekatwakatwa kuwa fremu za vijiduka, kila fremu na redio yake. Kijana mmoja akaniita, "Mambo dada! Ingia, kuangalia bure." Nikamuuliza kama anajua hapo palikuwa nini zamani. "Bohari," akajibu, bila wasiwasi wowote.

Kabla sijazaliwa lilikuwa la familia moja ya wafanyabiashara. Bibi alisimulia jinsi muuzaji alivyokutandikia vitambaa mezani mpaka ukaona haya kuondoka mikono mitupu. Kisha likataifishwa, likawa letu sote. Nilipolijua mimi, chini waliuza nguo, katikati vyombo, na juu kabisa, walisema, vitu vya kuchezea watoto. Ila ngazi ya kwenda huko ilifungwa kamba na sikumwona aliyewahi kuivuka. Ndani kulinukia dawa ya sakafu. Rafu ziling'aa, maana hazikuwa na kitu. Dirishani tu ndiko kulikoshiba: sanamu ya mwanamke asiye na nywele, amefungwa doti ya kanga nyekundu, mwaka nenda mwaka rudi. Nilimuuliza muuzaji kwa nini hatuuziwi ile. "Ya maonyesho ile," alisema. Kama duka ni letu, tulikuwa tunamwonyesha nani? Hilo nililimeza.

Ikisikika kwamba mzigo umefika, mlango haukufunguliwa siku hiyo hiyo. Watu wana kazi na watoto, hawawezi kusimama kutwa, basi kila nyumba iliacha kitu chake kwenye mstari: tofali, kapu bovu, ndala ya mguu mmoja. Cha kwetu kilikuwa kipande cha jiwe la kusagia ambacho bibi alishuka nacho kutoka Kilimanjaro. Hakuna aliyegusa cha mwenzake, na mlango ukifunguliwa ilibidi mwenyewe uwe nyuma ya chako.

Wakati ninaoukumbuka, mama alikuwa anakaribia kujifungua. Hospitali ilimtaka aende na kanga zake, na za nyumbani zilikuwa zimechakaa, ukizinyanyua unaona jua. Mtoto aliyetangulia hakuishi. Bibi alishikilia kwamba alipokewa kwa tambara, ndiyo maana hakukaa. Huyu, alisema, hataguswa na nguo iliyochoka. Mama alisikia maneno hayo kila siku, na kila siku alikula kidogo zaidi.

Ikavuma kwamba kanga zimekuja. Tulipofika mstari ulikuwa umeshapinda kona, jiwe letu likaangukia karibu na mtaro, mbali kabisa na mlango. Nilitoka shule nikaenda kulilinda. Muuza kahawa aligonga vikombe vyake, harufu ya mihogo ya kuchoma ikanijia, nami sikubanduka penye jiwe. Mbele, karibu na mlango, lilikaa birika lisilo na mkono. Lilikuwa la jirani yetu wa chini, mama wa Kiarabu aliyegombana na bibi kila wiki kwa ajili ya kamba ya kuanikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mjukuu wa Mchaga. Lishike vizuri jiwe lenu, lisije likapanda basi la Moshi!"

Bibi, aliyekuwa amekuja kuniletea maji, hakumwachia. "Afadhali langu linasaga. Birika lako hata chai halimwagi."

"Litamwaga kanga kesho, shoga, utaona!"

Watu wakacheka. Mimi niliangalia umbali kati ya birika na jiwe.

Alfajiri mama alishikwa na uchungu. Alilia kwa sauti ambayo sikuijua. Baba alimpeleka hospitali, bibi akanikamata mkono tukakimbilia dukani. Pale mtaroni jiwe halikuwepo. "Bibi, wameiba!" Nilipiga kelele, na mlango ulikuwa unafunguliwa. Bibi aliangaza huku na huku, kisha akanivuta mbele. Jiwe letu lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Akasimama nyuma yake kama aliyelala hapo.

"Huyu mama jana alikuwa mtaroni!" sauti ikatoka nyuma yetu.

Mgambo akaja. "Jiwe la nani?"

"Langu."

"Nani kalileta hapa?"

Bibi alinivuta karibu naye. Nilijua tutafukuzwa, na nilijua mtoto atakufa, na kwamba mimi ndiye niliyelinda vibaya. Ndipo jirani yetu wa birika akapaza sauti kutoka huko nyuma, nikadhani amechelewa akapoteza nafasi yake: "Wee mgambo, jiwe lina miguu? Lilipo ndipo lilipo! Anzeni kuuza, jua hilo!" Kicheko kikazuka, mgambo akaona aibu, mstari ukasogea.

Tulipata doti yetu. Kanga zilikwisha kabla jirani hajafika. Jioni aligombana na bibi kuhusu kamba, kama kawaida. Mdogo wangu alipokewa kwa kanga mpya inayonuka rangi, naye yupo, ana ndevu.

Kwa miaka mingi niliamini bibi ndiye aliyelisogeza. Chuo kikuu nilibishana na wenzangu kwamba foleni ile ilikuwa uongo tuliokubaliana, na mfano wangu ulikuwa huo. Bibi alizikwa bila mimi kumuuliza.

Leo bidhaa zimejaa mpaka barazani, hakuna anayeacha tofali mlangoni, na sijui kama lingekutwa. Katika fremu ya mwisho, chini ya ngazi iliyofungwa kamba zamani, anauza kanga binti wa yule jirani. Yeye ndiye aliyenitambua. Nilipomsimulia habari ya jiwe, alicheka akaweka kanga chini. Alfajiri ile, alisema, walimsikia mama yangu akilia juu ya dari yao. Mama yake akajitanda, akaenda peke yake dukani, akalihamishia birika lake mtaroni na jiwe letu akaliweka pale lilipokuwa birika. Doti aliyokuwa anaipangia foleni ilikuwa ya harusi ya binti yake huyu huyu, naye aliolewa Ijumaa hiyo kwa kanga ya kuazima.