Visima vya Avenyu ya Mama Mkwe

Mimi si mtu wa subira, niliseme hilo mapema. Jumamosi ile asubuhi, katika chumba chetu cha kazi kule Makomeno, nilikuwa nimeshagombana na mwenzangu mara mbili kabla hata ya chai.

Tuligombania orodha. Tulikuwa tumepima maji ya visima vya mitaa kadhaa ya Lubumbashi, parseli kwa parseli, yaani kiwanja kwa kiwanja, na orodha ya visima salama ingesomwa parokiani kesho yake, baada ya misa ya kwanza. Mtu akisikia kisima chake kimetajwa, anaacha kuchemsha maji siku hiyohiyo. Ndivyo tulivyo, na mimi nimo. Tukikosea, watoto wataharisha, na kuna ambao hawatapona. Na binti yangu wa miaka mitano alikuwa kwa bibi yake, mama mkwe wangu, kwa likizo, akinywa maji ya kisima kilichokuwa kwenye orodha ile.

Hatukuwa tumepima visima vyote. Vilivyobaki tulijua kina chake na umbali wake na choo, basi. Mengine programu ndiyo ingekisia. Mwenzangu, mwanamume wa rika langu, msomi kweli, alitaka ujifunzaji wa kina: unajenga mtandao wa neva bandia, réseau kama alivyouita, unaulisha vipimo, unajifunza wenyewe. Alikuwa ameshaujenga, na ulikisia vizuri ajabu. Mimi nilitaka programu ya takwimu, ile ya kubofya kwa kipanya, ambayo kila kisima ni nukta kwenye skrini, na ukiigusa nukta inakuambia ni kisima cha nani.

"Ile yako iko ya bazee," aliniambia. "Bantu beko mu réseau, weye ungali unafinya souris."

"Na réseau yako ikisema kisima iko muzuri, utaiuliza sababu?"

"Hatuiulizaka. Tunaangalia résultat, jibu yenye inatoa."

"Njo pale mi nakataa!"

Mkubwa wetu alikuwa ametuonya kwa simu: saa sita mchana anataka orodha moja, si mbili, na sisi ndio tuchague programu. Ilikuwa saa nne na nusu. Nikamgeuzia mwenzangu mgongo, nikafungua programu yangu.

Nikaweka umbali wa choo kwenye mstari wa chini, vijidudu kwenye mstari wa kusimama. Picha ikatoka kama nilivyotegemea: choo kikikaribia, vijidudu vinapanda. Ila chini kabisa kulikuwa na nukta kumi na moja zimejipanga kama wanafunzi mbele ya bendera. Choo kiko pua na mdomo na kisima, na vijidudu hakuna hata kimoja. Nikagusa ya kwanza: avenyu ya mama mkwe. Ya pili: avenyu ileile. Nikazigusa zote, moja moja: avenyu ileile.

"Hizo réseau yangu inazijua," mwenzangu akasema nyuma yangu, anajisifu. "Iliona kama udongo ya kule inachuja mayi."

Lo! Mtandao wake ulikuwa umejifunza kwamba katika mtaa ule choo hakidhuru kitu, na kwa hesabu hiyo ulikuwa umevipitisha visima vyote vya jirani, hata vile ambavyo hakuna aliyevigusa.

Na avenyu ile niliipima mimi mwenyewe. Kwingine kote tuliingia bila kuwaambia watu mapema. Kanuni ya kazi ilisema hivyo. Lakini kwa wakwe? Kwetu huwezi kuzuka kwa mama mkwe kama askari wa msako. Nilimpigia simu siku mbili kabla, nikamwambia nitakuja na watu wa kazi kupima maji. Nikaona ndiyo heshima. Siku ile nikakuta avenyu nzima imefagiliwa, na glasi ya maji inaningoja juu ya sinia. Nikanywa, nikafurahi. Matokeo yalipotoka sikuweza kufunga mdomo: nikampigia tena kumwambia maji yao yamewashinda wote.

Sasa ilibidi nimuulize swali ambalo mke wa mtu hamuulizi mama mkwe. Nikapiga simu. Hakuna kukimbilia neno na yule mama; kwanza tulisalimiana, tukaulizana usingizi, mume, magoti yake, na mimi natazama saa ukutani.

"Mama, unisamehe. Siku ile tulikuya kupima, kuko kitu mulitiya mu kisima?"

Nikasikia kuku wake.

"Sasa ulitaka nifanye je?" akasema. "Bageni banakuya na muke ya mwana yangu, nibape mayi ya buchafu? Niliambia bote mu avenyu batiye javel. Siku mbili tulitiya. Ilikuwa heshima yako!" Javel, ile dawa ya klorini ya kufulia: ndiyo iliyoua vijidudu vyote siku tulipopima.

"Na sasa, mama, munachemsha?"

"Tuchemshe juu ya nini? Weye mwenyewe ulisema mayi iko safi. Siye bote tunakunywa. Na mutoto wako."

Nilishikwa na aibu, kisha na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mimi. Nikamwomba aweke sufuria motoni sasa hivi. Hakuuliza kwa nini.

"Toa hizo kumi na moja," mwenzangu akasema, sauti imeshuka. "Mi nitafundisha tena réseau. Saa moja tu."

"Ikijifunza uongo mwingine, nani atakuonyesha?"

Akafuta orodha yake kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hilo namheshimu hadi leo. Tulituma orodha fupi, ya visima tulivyovipima bila kuwaambia watu mapema tu, na mtaa ule tukauondoa wote.

Mchana huohuo nikafika kwa mama mkwe, jasho linanitoka. Binti yangu alikuwa anaruka kamba; nilimbonyeza tumbo mara tatu mpaka akakasirika. Nikaanza kupiga magoti niombe msamaha. Mama mkwe akanivuta mkono.

"Simama. Mi njo nilibaambia batiye, mi njo nitabaambia. Twende."

Tukaenda mlango kwa mlango. Yeye alisema habari ya javel, mimi nikasema maji yachemshwe. Kwa wa kwanza walicheka kidogo. Kwa wa pili hawakucheka.

Kwa wa tatu, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini mwa ukuta, na mtoto mchanga amelala mapajani pake, macho yameingia ndani. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Anahara tangu juzi," akasema, ananitazama mimi. "Bananiambia iko mayi. Nikabaambia hapana, haiwezi kuwa mayi, sababu weye ulipima."

Mama mkwe alikuwa ameshainama, anajifunga mtoto mgongoni kwa kitenge, anauliza dispensari iko wazi mpaka saa ngapi. Nilichukua viatu vya yule mama mlangoni, nikamwekea miguuni avae, tukatoka.