Malimbuko ya Mwezi wa Tatu

Chupa aliyonitumia Mama ni ya juisi, imefungwa kitambaa na mfuko wa nailoni mdomoni, maana Mama haamini vifuniko vya Marekani. Ilinifikia hapa Reynoldsburg, Ohio, wiki iliyopita, imeletwa kwa basi kutoka Buffalo na dada mmoja wa kanisani. Nilipoifungua, moshi ulinifika puani kabla ya utamu: moshi wa mbao za paleti za kubebea mizigo, na nyuma yake harufu ya sukari iliyokaribia kuungua. Jamani! Nikajiona mtoto wa miaka kumi tena, vidole vimeganda ndani ya buti za mtumba, Mama ananifokea nisiache moto ufe.

Sisi ni Warundi wa kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mimi nilizaliwa Kigoma, na kanisa letu la Buffalo lilihamia karibu lote kutoka huko: kwaya, ngoma, ugomvi, hata kalenda. Kalenda ndiyo iliyoleta mambo. Kule kambini maharage ya kwanza yakishavunwa na kukauka, mwezi wa tatu tulikuwa na Jumapili ya malimbuko, siku ya kumtolea Mungu mavuno ya kwanza. Tulipofika Buffalo hakuna aliyefikiria kuihamisha. Basi theluji iko magotini, na watu wazima wenye akili zao wanapanga mstari kanisani na ndizi na mananasi ya supamaketi, vibandiko bado viko juu yake.

Mama hakuona cha kucheka. Kambini Mama Divine, ndivyo walivyomwita kwa jina langu, alikuwa wa mbele kwenye mstari ule, kikapu kichwani, maharage ya kijishamba chake mwenyewe. "Malimbuko hayanunuliwi," alisema. "Nimpelekee Mungu jasho la watu wengine?" Baba, mtu wa amani wa kazi ya kiwandani, alimwambia Mungu anaijua hali ya hewa ya Buffalo. Wapi! Mwaka wa kwanza, siku ile Mama aliumwa kichwa akabaki nyumbani. Mwaka wa pili kichwa kikauma siku ileile. Niliporudi kutoka ibadani nilimkuta ameketi kitandani, amevaa kitenge chake kizuri na kilemba, hajaenda popote. Nililia, wala sikujua ninalilia nini.

Mwaka wa tatu, siku zilipokaribia, Mama alimwona jirani yetu ametundika ndoo kwenye mti. Tulimwita Mzee Walt, babu wa Kimarekani mwenye kofia ya masikio. Mama alinivuta mkono hadi uani kwake nikatafsiri. "Muulize, mti nao unakamuliwa?" Mzee akaeleza kwamba baridi inapoanza kulegea, usiku ukiganda na mchana ukipata joto kidogo, mti wa mepo hutoa maji, na ukiyachemsha sana yanakuwa shira nzito. Mama akachovya kidole, akaonja. Kisha akaonyesha nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, uliposimama mepo mnene kuliko yote ya mtaani. "Muulize, na ule?"

Mzee Walt alicheka, akaingia gereji, akatoka na ndoo na keekee ya kutobolea mbao, akamshika Mama mkono na kumkabidhi. Mwenye nyumba alijibu kwa simu kwamba tufanye tupendavyo, bora tusiukate. Mama alitoboa mwenyewe. Tone likaanguka, na jingine, na jingine.

Mama hakuhitaji kufundishwa kuchemsha. Bibi yangu alikuwa akipika mawese, na Mama alikulia kando ya masufuria makubwa. Aliazima sufuria ya harusi ya kanisa, akajenga mafiga matatu uani, juu ya theluji iliyoshindiliwa ngumu kama sakafu. Nani angemwonya? Kigoma theluji ingetoka wapi? Asubuhi nzima tulilisha moto kwa mbao za paleti ambazo Baba alipewa kazini, kumbe chini kunayeyuka pole pole. Figa moja likazama, sufuria ikainama kama mlevi, na pwaa! Maji ya wiki nzima yakamwagika, yakauzima moto wote.

Baba akasema labda mwakani. Mimi nilimtazama Mama nikingoja alie. Alisimama katikati ya mvuke, akafuta uso kwa kanga, akasema, "Haya. Beleshi liko wapi?" Akakwangua theluji mpaka kwenye saruji ya njia ya gari, akapanga mafiga yake upya.

Ilipofika Jumamosi ya mwisho, mti ulikuwa umetujazia ndoo mbili tu. Tulichemsha tangu alfajiri. Sheria ya Mama ilikuwa kwamba chungu cha moto hakiachwi peke yake, kwa hiyo tulipokezana, macho yanawaka, mgongo umeganda na uso unaungua. Nilipouliza kwa mara ya ishirini kama tumekaribia, alinijibu haba na haba hujaza kibaba. Nikamwambia kwamba hapa ni kinyume, tumejaza kibaba ili tupate haba. Alinikata jicho, lakini nilimwona akificha kicheko. Jioni asali ya mti, ndivyo alivyoiita, ilikuwa ya kahawia na inadondoka kivivu kwenye mwiko. Ndoo mbili nzima zilitoa chupa moja, tena haikujaa.

Jumapili Mama alikuwa wa kwanza mstarini. Koti kubwa juu ya kitenge, buti miguuni, kikapu kichwani, na ndani ya kikapu ile chupa peke yake. Nyuma yake mananasi yalinong'ona. Mama mmoja hakuvumilia: "Mama Divine, hiyo umenunua wapi?"

"Sikununua," Mama akasema, na kanisa zima lilisikia. "Nimevuna."

Mchungaji akafungua, akanusa, akaonja kwa kidole, akarudia kuonja, kwa ajili ya uhakika nadhani. Akacheka mpaka akashika mimbari. Vigelegele! Ngoma ikaanza bila kungoja kwaya. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, nikidhani tumeshinda kwa utamu.

Baridi iliyofuata ilifika familia mpya kutoka kambini. Tulipowapelekea chakula, yule mama alikuwa dirishani analia: nchi gani hii isiyoota kitu? Mama alimpa kijiko cha asali ya mti. "Nyamaza, dada. Kwetu hapa tunavuna theluji ikiwa bado chini."

Siku ile mimi nilisikia habari za asali tu. Mpaka nilipoolewa nikaja Ohio, mgeni nisiyejua hata jirani, ndipo lile neno "kwetu" liliponirudia. Mama aliishi ujana wake wote kwenye ardhi ya kuazima, na kabla ya siku ile sikuwahi kumsikia akisema "kwetu" kwa mahali aliposimama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alingoja miaka mitatu, akapewa keekee.

Nimelamba kijiko mpaka mwisho. Nyuma ya maegesho yetu hapa kuna mepo mmoja mnene, na jana nimeshakwenda kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuutoboa.