Fundi Yuko Juu

Kila akipanda paa la jirani yetu kuitia grisi mota inayozungusha antena ya redio, fundi hupaza sauti kwanza: "Niko juu, akina mama!" Kutoka huko nyua zetu zote za Mji wa Kale huonekana, basi wanawake hujitanda leso. Plagi ya mota huichomoa akaitia mfukoni, asije mtu akaiwasha, na kila mara huupapasa mfuko kuhakikisha. Jana, mimi niko dirishani, mlingoti wa antena ulikatika. Aliukumbatia usiangukie uani kwetu, maneno mengine yakampotea. "Niko juu! Niko juu!" Mamangu, aliyekuwa akichagua mchele uani, chini yake hasa, akajitanda vizuri. "Tumesikia, mwanangu," akajibu, asiinue hata uso.