Makaburi Yasiyo na Kitabu

Uasi ulipokwisha kwetu Kisangani, karani wa komine, ile ofisi ya mtaa, alikuja makaburini na wapimaji wawili, akaenda kusimama juu ya tumbo la papa yangu. Simlaumu, hakujua. Papa alikuwa na miezi mitano tu ardhini, lakini msalaba wake ulikuwa umechomwa, na mvua ilikuwa imeshusha udongo wake ukawa sawa na njia.

"Bwana karani, toka hapo," nikamwambia. "Unakanyaga mutu."

Akatazama chini. "Mutu gani? Miye naona majani."

Nilikuwa na miaka kumi na sita na jembe mkononi. Papa yangu alikuwa sentineli wa makaburi, yaani mlinzi, tangu kabla sijazaliwa, na alipokufa kwa homa, siku zile hospitali haina dawa, hakuna aliyekuja kuchukua kazi yake. Basi nililima mimi.

Karani alinieleza jambo kama mtu anayeeleza mtoto. Upande wa wazungu una mawe yenye majina, hakuna wa kuugusa. Upande wetu, safu tisa, ulikuwa na misalaba ya mbao yenye namba za lami. Namba ilikuwa kwenye msalaba, jina lilikuwa kwenye kitabu cha komine. Misalaba watu waliipikia wakati wa vita, maana aliyekwenda msituni kutafuta kuni hakurudi. Kitabu waasi walikichoma uani pamoja na karatasi zote za ofisi.

"Donc, hakuna kitabu, hakuna mufu," akasema. "Hii iko parcelle, kiwanja tupu. Batu walikimbia vijiji, wanatafuta pa kujenga. Burugumesta, mukubwa wa komine, ameisha kusema: kama liste ya majina haipatikane kwa juma mbili, tunakata viwanja."

Papa yangu chini ya jiko la mtu. Mama yangu, safu ya pili, chini ya choo cha mtu. Niliona hivyo vyote kwa mara moja.

"Leta kitabu kipya," nikasema. "Nitakuambia yote."

Alicheka mpaka akashika bega la mpimaji. "Weye? Ulisoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa tatu."

"Na unajua kusoma?"

"Hapana kusoma. Kusema."

Sasa niseme nilijuaje, maana haikuwa kwa akili nyingi. Ilikuwa kwa upumbavu.

Kwetu mtu akizikwa, familia inaweka juu yake kitu alichokuwa anatumia: sahani, kikombe, taa, pasi. Kwanza wanakitoboa kwa msumari. Kitu kizima kinaibwa, halafu mwenyewe amekufa, kwa nini kitu chake kibaki kizima? Kwa hiyo upande wetu ulikuwa umejaa vyombo vilivyotobolewa, vyenye kutu, vyenye maji ya mvua na mbu.

Uhuru ulipofika nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Redio ilisema, wakubwa walisema, hata mwalimu alisema: mji uwe safi, sasa ni wetu. Papa alikuwa amekwenda kwenye matanga ya ndugu yake, njia ya Bafwasende, siku tatu. Mimi nikasema nitamfurahisha. Nikachukua toroli, nikapita safu moja baada ya nyingine, nikakusanya kila kitu. Nilivipeleka bombani nikavisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikatoka damu. Halafu nikavipanga kwenye majani karibu na mlango: sahani na sahani, vikombe na vikombe, kubwa mbele, ndogo nyuma. Viling'aa kama duka la Mgiriki. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna ile.

Papa alirudi, akaona, akakaa chini palepale na mzigo wake mgongoni.

"Papa, wafu hawajapata usafi kama huu," nikasema.

"Mwanangu," akasema, "umefanya batu yote kuwa mutu moja."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinieleza kwamba kaburi la nani liko wapi yeye anajua, lakini kitu gani ni cha nani, hilo wanajua wenye wafu. Na sikukuu ya wafu ikifika, watu wakikuta makaburi yako uchi, watasema sentineli ameuza vitu vya marehemu. Hapa kwetu mtu anayesemwa hivyo hasemwi mwizi. Anasemwa mchawi.

"Utarudisha," akasema. "Moja moja. Na utasema njo weye, ni weye uliyeviondoa."

Basi nikajaza beseni, nikaiweka kichwani, nikaingia mtaani. Kila mlango nilipiga hodi, nikashusha beseni, nikasema, "Mama, ni miye niliondoa vitu vya makaburi. Chenu ni kipi?" Wengine walinitukana kwanza. Mama mmoja alinifukuza na mwiko hadi barabarani, halafu akaniita nirudi kwa sababu alikuwa ameona ndani ya beseni sahani ya mtoto wake. Aliishika muda mrefu. Nilidhani analia, kumbe alikuwa ananusa. "Umeisugua sana," akasema. "Lakini njo yenyewe."

Na kila aliyetambua kitu alikieleza. Hakuna anayeweza kushika kikombe cha marehemu akanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyowajua.

Pasi ya mkaa bila mshikio ilikuwa ya baba mmoja aliyepiga pasi mashati ya wazungu tangu ujana wake. Binti yake alinieleza kwamba nyumbani kwake yeye mwenyewe walivaa nguo zenye mikunjo, maana alikataa kabisa kuona pasi akifika. "Siku ya kumuzika tulimupigia shati pasi," akasema. "Tulimuchokoza kidogo."

Filimbi ya bati ilikuwa ya mzee aliyefukuza mbuzi kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Ndege ikisikika, yeye anakimbia uwanja mzima akipuliza. Mjane wake alisema, "Rubani alikuwa muzungu, lakini kama bwana yangu hajapuliza, muzungu anazunguka juu kama mwewe. Anangoja!"

Mrija wa shaba ulikuwa wa mama mpika lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Polisi walimwaga pipa lake mara nyingi, kesho yake moshi unatoka tena. Alisomesha watoto sita kwa moshi ule.

Na kikombe cha bluu kilileta vita. Kilikuwa cha dereva wa kamyo, yaani lori, aliyeacha wake wawili katika uwanja mmoja.

"Ni yangu ile," mkubwa akasema. "Miye njo nilikuwa namupatia chai ndani yake."

"Chai?" mdogo akasema. "Ile yako ilikuwa maji ya kunawa miguu!"

"Na weye ulimupatia nini? Kelele."

"Alizipenda!"

Mimi katikati na beseni yangu. Nikauliza, "Nani alikitoboa?" Mdogo akasema juu, pembeni. Mkubwa akasema chini, kitakoni, na msumari ulipinda. Nikakigeuza. Chini, kitakoni. Mdogo akatazama kikombe, halafu akamwambia mwenzake polepole, "Bon, chai ilikuwa yako. Lakini sukari nilikuwa natia miye." Wakacheka wote wawili, na mimi nikapewa ndizi.

Ilinichukua majuma. Kila jioni papa alinisimamisha mbele ya safu: "Huyu nani? Alikuwa anafanya nini? Kitu gani?" Nikikosea moja, ninaanza upya kutoka mwanzo. Sikukuu ya wafu ilipofika nilisimama mlangoni nikasema kosa langu kwa watu wote, kama papa alivyotaka. Hakuna aliyemwita papa mchawi. Walikwenda kila mmoja kwake, wakakagua, na mzee mmoja tu alirudi, akasema taa yake imetazama magharibi na zamani ilitazama mto. Nikaigeuza.

Vita ilipokuja, vitu navyo vilikwenda. Askari walipenda kuvilenga kwa bunduki. Lakini mimi nililima safu zile nikiwataja watu kimoyomoyo, na kila mpya aliyezikwa nilimwongeza mwishoni mwa safu. Papa alikuwa karibu na mwisho wa safu ya tisa, nafasi moja kabla ya mtaro.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku karani aliponicheka. Nilimwona anakunja kamba yake aende, nikasema kitu ambacho hakikuwa cha adabu.

"Cheka, bwana karani. Wakati wa vita nilikuona kwenye kizuizi cha waasi, umebeba jembe begani. Walikuuliza unajua kuandika. Ulisema hata herufi moja haujue. Ukatia kidole kwenye wino kama nyanya yangu."

Wapimaji walitazama pembeni. Wenye kujua kusoma walikuwa wanauawa siku zile, kila mtu alijua, na hakuna aliyeliongea.

Karani alimaliza kukunja kamba yake. Halafu akasema, "Kesho asubuhi. Usichelewe."

Alikuja na kitabu kipya na kiti cha kukunja. Mimi nilisimama kwenye miguu ya kila kaburi, nikasema. Siku ya kwanza aliandika haraka, kama anayekimbizwa. Siku ya pili alianza kuuliza: "Na ile filimbi, alikuwa anapuliza namna gani?" Majina yao sitayaandika hapa. Yako katika kitabu, kwa mwandiko mzuri kuliko huu wangu niliojifunza baadaye.

Tuligombana mara moja tu, kwenye safu ya nne. Alikuwa anaandika jina, siku ya kuzikwa, kazi. Nikatupa jicho. Neno moja linarudi kila mahali alipolala mwanamke, na hata mimi nisiyesoma niliona ni lile lile.

"Umeandika nini pale?"

"Bila kazi."

"Nani bila kazi?"

"Mama huyu. Ni formule, desturi ya ofisi. Wanawake tunawaandikaka hivyo."

"Mama huyu alikuwa anauza kwanga. Anaamka jogoo hajalia, anaponda muhogo, anafunga majani, anakwenda soko ya ng'ambo na beseni kichwani na mimba tumboni. Weye mwenyewe ulikula kwanga yake ukiwa masomoni, usikatae. Andika."

"Hakuna nafasi."

"Andika kidogo-kidogo."

Akaandika. Kisha akarudi nyuma, ukurasa wa kwanza, akakata "bila kazi" zote, na mimi nikamwambia tena moja moja: huyu mkunga, huyu alisuka nywele, huyu aliuza makayabu, samaki wa chumvi, huyu alipika lotoko.

"Lotoko ni kosa mbele ya sheria," akasema.

"Ameisha kufa. Mutamufunga?"

Katika kurudi huko, safu ya pili, alipofika kwa mama yangu, sikungoja aulize. Nilisema, "Alichota maji, alilima, alinizaa." Akaandika yote matatu.

Burugumesta hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Alimtuma karani peke yake azunguke mtaani aulize familia, bila mimi. Alizunguka siku tatu. Kila nyumba walimlisha sombe, majani ya muhogo, akarudi amenenepa, na kitabu hakikuwa na kosa. Ndipo burugumesta akaja mwenyewe, suti nyeusi, fimbo mkononi. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa. Alipita safu zote, hakuuliza kitu. Mwisho kabisa, baada ya papa, pale mtaroni, alichomeka fimbo kwenye kituta kidogo cha udongo.

"Na huyu?"

Karani alinitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba: sema jina, jina lolote. Juma mbili zilikuwa zinaisha siku ile. Ningeweza kusema jina lolote na hakuna ambaye angejua.

"Sijui," nikasema.

Watu walinung'unika nyuma yangu.

"Namna gani haujue? Wengine wote unajua."

"Huyu mto ulimuleta wakati wa vita. Papa alikuwa ameisha kufa. Nilimuzika miye na mama jirani. Kijana, murefu, kovu kwenye muguu wa kuume. Mifuko yake ilikuwa tupu. Hakuna mutu aliniambia jina, na miye sitamutengenezea."

Burugumesta aliitoa fimbo kwenye udongo taratibu, akafuta ncha yake kwa leso.

"Mutu wa kuongopa angemupatia jina," akawaambia watu. Akamwomba karani kalamu, akatia sahihi kwenye kitabu, makaburi yabaki, juu ya mgongo wa karani mwenyewe, maana hapakuwa na meza. Wamama walipiga vigelegele hadi barabarani, na kazi ya papa nilipewa mimi. Waliniita sentineli wa sketi. Niliitika.

Watu walipokwisha kutawanyika, karani alibaki na kitabu wazi. "Kwa huyu wa mwisho niandike nini?"

"Safu na nafasi na kovu. Kwa jina, acha peupe."

Bado ni peupe. Tangu siku zile wanawake watatu wamekuja, miaka mbalimbali, kila mmoja akitafuta mwana wake. Niliwaeleza urefu na mguu. Wote watatu walisema si yeye, na wote watatu waliniomba jembe, wakampalilia kabla ya kwenda.