Watoto Mia Tatu na Kumi na Wawili Walioachwa Nje ya Jedwali

Maneno yalinifikia kwa mshonaji, nikiwa nimesimama nipimwe kiuno. Kuna binti pale ofisi ya takwimu za afya, anafuta watoto kwenye kompyuta. Mshonaji akatoa pini mdomoni. "Usinikasirikie, dada, nimesikia tu. Wanasema ni wako."

Siku mbili nilizunguka na maneno hayo.

Saa mbili asubuhi, siku ya tatu, binti yangu ameinamia kompyuta katika chumba cha meza nne na feni moja mbovu. Ana miaka ishirini na sita. Wenzake humwita Gundi, kwa sababu kazi yake ni kuunganisha majedwali. Mimi nimesimama mlangoni na chakula alichosahau nyumbani. Ukweli ni kwamba nilikificha mwenyewe, nipate sababu ya kuja.

"Mwanangu, unafuta watoto?"

Kijana wa meza ya pili anacheka. "Mama, huyu hata matangazo kwenye simu yake hafuti."

Gundi hacheki. "Nani kasema, mama?"

Namwambia: mteja wa mshonaji alipeleka mtoto kliniki ya mlimani kwa sindano ya pili ya chanjo, akarudishwa. Dawa haikuletwa. Muuguzi aliambiwa kliniki yake haina mtoto hata mmoja kwenye orodha.

Mwanangu anageukia mashine.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kazi hii amenieleza mara nyingi. Jedwali moja lina kadi za watoto. La pili lina sindano walizochomwa. Anaandika amri kwa lugha ya kompyuta iitwayo R (lugha nzima, herufi moja), nayo inatafuta namba ya kadi huku na huku. Zikifanana, mtoto anaunganishwa na sindano zake. Orodha inayotoka ndiyo inayoamua kila kliniki ipelekewe dozi ngapi.

"Waliingia elfu nne mia moja kumi na wanane," anasema, kidole kwenye kioo. "Wametoka elfu tatu mia nane na sita."

"Wengine wako wapi?"

"Kadi za mlimani zinaanza na sifuri. Jedwali moja limezisoma kama hesabu, likaitupa sifuri. Mtoto huyohuyo, huku ni 0457, kule ni 457. Mashine ikaona ni watu wawili wasiojuana. Na mimi niliiambia ibakize wanaofanana tu." Ananigeukia. "Sijawafuta, mama. Nimewaacha nje."

"Tofauti yake nini?"

"Walioachwa nje naweza kuwaita."

Mkataba wake wa miezi sita ulikuwa unaisha wiki hiyo. Mimi nikamvuta hadi kwenye korido. Nikamwambia arekebishe kimyakimya, orodha ya mwezi ujao itoke safi, nani atajua?

"Mwezi ujao sawa. Na wale waliokwisha rudishwa, mama, nani atawapigia?"

Akaniacha palepale. Nikamtazama akibisha mlango wa mkuu wake, mzee wa miwani wanayemwita Nukta. Nilisikia yote, mlango haufungi vizuri.

"Kosa ni langu, mzee. Sikuhesabu mistari baada ya kuunganisha."

"Watoto wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili."

"Gari linaondoka saa sita na dozi zao. Wewe shika simu. Mambo ya mkataba tutazungumza ukimaliza."

Hadi leo ninapoandika, wamekuja mia mbili na tisini. Ishirini na wawili bado, wengi simu za wazazi wao hazipatikani. Kila asubuhi Gundi anaanza na hao kabla ya chai. Mkataba haujazungumzwa. Usingizi sina, yeye anao.

Anachotaka sasa ni kuandika amri itakayoisimamisha mashine yenyewe, ikatae kuendelea mistari ikipungua bila sababu. "Nikiondoka," anasema, "atakayekuja aikute."

Nimemwomba aniambie mambo ya kuepuka, niwaandikie vijana wa kazi hii na wazazi wao:

Usiunganishe majedwali kabla ya kuhesabu mistari, na usiondoke kabla ya kuihesabu tena.

Usiiache namba ya kadi isomwe kama hesabu. Ile ni jina la mtu.

Usiunganishe kwa majina. Kliniki moja tu ina watoto kumi na mmoja wenye jina moja.

Usibakize wanaofanana tu bila kuwatazama wasiofanana.

Usiamini orodha kwa sababu imetoka bila kelele.

Na wewe mzazi, usimwambie mwanao anyamaze. Mimi nilimwambia. Bahati nzuri, hakunisikia.