Kuzika Watu Bila Majibu

Siku yangu ya kwanza kazini, kasisi wa parishi ya Githongo alinipa kanzu iliyonipwaya, pamoja na onyo. "Mwinjilisti hasemi 'sijui' mbele ya jeneza," akasema. "Ukisema hivyo, watu watarudi nyumbani na nini?" Nikaitika, ndiyo kasisi. Nilikuwa kijana, nikadhani majibu yanakuja pamoja na kanzu.

Ninyi vijana mnaona mazishi ya siku hizi, mahema na spika na wapiga picha, mnafikiri kazi ni kushika maikrofoni. Wee! Kasisi alikuwa na makanisa mengi, kwa hiyo aliyefika kwa wafiwa kwanza ni mwinjilisti. Unaketi nao jioni kwa ibada ya faraja, unawasikiliza, unapanga na wazee wa kanisa nani ataomba, unakagua kaburi. Githongo watu walikuja kuzika wakitoka moja kwa moja kuchuma kahawa. Nilipohamishiwa Mikinduri tulizika mapema, kwa sababu miraa haingoji mtu. Lazima iondoke kwenda sokoni ikiwa mbichi. Kote huko nilisema Mungu ana makusudi yake, na watu wakaitika amina.

Mitunguu, nilikohamishiwa baadaye, ndiko nilikokwama. Gatwiri, mjane mwenye shamba la ndizi, alikuwa na mtoto mmoja tu, Mutethia. Kijana akashikwa na homa ya ubongo. Tulifunga, tukaomba, kanisa zima. Akafa.

Kaburini nikaanza tunavyoanza sisi: "Bwana asifiwe!" Watu wakajibu. Gatwiri akaniangalia.

"Asifiwe kwa lipi, mwinjilisti?"

Mzee wa kanisa akamvuta leso. "Mama Mutethia, usikufuru."

"Sijakufuru. Nimeuliza. Nilimwomba anilindie huyu mmoja tu. Alikuwa ananisikia ama hakuwa ananisikia?"

Nilitafuta yale maneno yangu ya kila siku, nikaona haya kuyatoa. "Sijui, mama," nikasema. Nikamzika mtoto wake nikilia.

Habari zilifika kabla yangu. Kasisi msimamizi, mkubwa wetu wa eneo lote, akaniita ofisini. "Na wewe bado unaamini?"

"Naamini, kasisi. Ndiyo maana inauma. Kama singeamini, ningemuuliza nani?"

Akaniambia nirudi kazini na nisirudie neno hilo mbele ya watu. Sikumwahidi. Nilihubiri mpaka nikastaafu, na jibu la Gatwiri sijalipata hadi leo. Msiniletee vitabu. Nimevisoma.

Tulirudi nyumbani, mimi na mke wangu Karimi, tukidhani sasa tutapumzika. Akapata saratani ya koo. Mtu aliyemwimbia Mungu maisha yake yote, koo! Nilikasirika, nawaambia wazi. Kanisani nilikaa kama mtu aliyeletwa kwa nguvu. Lakini kila asubuhi tulishikana mikono, tukasali ile Sala ya Bwana. Asubuhi moja nikafika pale pa mapenzi yake kutimizwa, ulimi ukagoma. Nikajaribu tena. Machozi tu.

Karimi akanifinya kidole. Sauti ilikuwa imekwisha, ananong'ona tu.

"Ruka hapo, Baba Kinya," akasema. "Twende kwa mkate."

Tukaruka. Tulimzika kabla ya mvua. Sasa nasali peke yangu, na pale bado naruka.