Balbu ya Kushoto na Jeneza la Kiwayu

Najua habari hii mnayo kwa vipande, maana hapa Mkokoni hakuna kisichojulikana, na wapo ambao mpaka leo wakinikuta dukani hunipa mkono, wakanipa pole, kisha wakaniuliza kama kaburini kulikuwa na joto. Basi leo naisimulia mwenyewe, yote, pamoja na aibu yake, ili angalau isimuliwe na mtu aliyekuwepo.

Gari langu mnalijua, ile pikapu kuukuu inayobeba samaki na watu kwenda Mokowe na kurudi. Taa yake ya mbele ya kushoto ilikufa. Mwanzo sikujali, lakini safari zetu huanza alfajiri, na asubuhi moja yenye giza, nikiwa na mke wangu Mwanahawa na mtoto wetu mchanga tunampeleka kliniki, gari likaacha njia likaingia kichakani, upande ule ule wa kushoto nisiouona. Hatukuumia. Mwanahawa alishuka, akampangusa mtoto majani, akaniambia kwa upole nimwite yule fundi wa mjini Hindi. Nikamwambia balbu si kitu cha kuitiwa fundi, nitaifunga mwenyewe, najua. (Sikuwahi kufunga hata balbu ya chumbani, anayepanda juu ya kiti nyumbani kwetu ni yeye.)

Wiki tatu zikapita. Kila akiuliza, mimi nasema kesho, na kila akinielekeza jambo, mimi nasema najua, mpaka siku moja akakunja nguo zake, akampakata mtoto, akavuka kwa mamake Kiwayu. Aliacha ujumbe kwa jirani kwamba hakukasirishwa na taa, amekasirishwa na hiyo "najua" yangu, na kwamba harudi mpaka mambo yabadilike. Kwa kawaida mke akivuka hivyo, mume huenda na wazee kuomba radhi, na radhi yenyewe ingebidi niiombe mbele ya mama mkwe wangu, Bi Somoe, ambaye tangu siku ya posa ananitazama kama samaki anayemshuku kuwa wa jana. Nikaona heri niifunge taa kwanza, niende peke yangu nikiwa na la kusema. Na niwaambie kweli, nilikuwa na hamu naye. Nyumba ilikuwa kimya hata nikawa nalala redio ikisema, nisikie mtu tu.

Sasa lipo jambo ambalo wageni hawalijui. Kiwayu na sisi tunatazamana, katikati ni maji ya dakika kumi kwa boti ya mashine. Mtandao ukikatika, na wiki ile ulikatika tangu Jumatatu, tunaitana kwa taa: mbili za haraka, tuleteeni boti, tatu ndefu, kuna msiba. Ndiyo maana mwenye gari huku huegesha kisogo kikielekea baharini, asije akawashtua watu bure, na mimi huegesha hivyo siku zote isipokuwa siku ile, kwa sababu betri yangu ilikuwa dhaifu, uwanja wangu una mteremko, na nilifikiri likikataa kuwaka nitaliachia literemke lenyewe. Kwa hiyo pua iliangalia Kiwayu. Nilipotaka kuanza kazi nilikumbuka kwamba si mahali pake, lakini kuligeuza kwenye mchanga ule ni jasho la dakika tano, nikasema aah, balbu moja tu, na sikuligeuza.

Nilianza baada ya sala ya magharibi, nikidhani kigizagiza kitanisaidia kuiona taa vizuri. Aliyenisaidia ni jirani yangu Mwalimu Mutua, mtu wa bara, anasomesha hesabu shuleni kwetu tangu mwaka jana, mtu mzuri sana, ila mambo ya taa na boti hayajui kabisa (maji yakimfika magotini huanza kusali). Nikamketisha kwenye usukani, kazi yake ikawa kuwasha na kuzima nikimwambia.

Yule aliyeniuzia balbu kule Mokowe alinieleza mambo mawili: nitoe betri kwanza ili mkono upate nafasi, na kioo cha balbu nisikiguse kwa vidole, nikishike kwa kitambaa safi. Nikamjibu, na nyinyi mnajua nilimjibu nini: najua. Betri sikuitoa. Nikapenyeza mkono nyuma ya taa, mahali pa mkono wa mtoto, nikang'oa plagi, nikang'oa mpira mweusi unaoziba nyuma ya taa, na kile kiwaya kinachoibana balbu kikaruka, nikakitafuta mchangani kwa magoti robo saa nzima. Balbu mpya nikaishika kwa vidole vile vile vyenye grisi. Ina masikio matatu, na kila sikio lina pengo lake. Mimi sikuwa na subira ya kuyatafuta mapengo, nikaisukuma mpaka ikakubali.

Nikamwambia mwalimu awashe. Ya kulia ikawaka kama kawaida, ya kushoto kimya. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akahesabu kwa sauti moja mpaka tano, ndipo akazima. Nikachezea plagi, nikamwambia tena, akawasha, moja mpaka tano, akazima. Mimi kichwa kimo ndani ya boneti, sioni bahari, sioni mwanga wa kulia unakwenda wapi, nasikia tu sauti ya mwalimu ikihesabu vizuri kabisa. Tulirudia mara tisa. Najua zilikuwa tisa kwa sababu ng'ambo walizihesabu.

Baada ya hapo nikaikwangua plagi kwa kisu muda mrefu, mwalimu akabaki garini akisubiri, na nilipokuwa nimeshairudisha mahali pake ndipo niliposikia mashine za boti. Tatu, zinakuja pamoja, na ndani yake hakuna anayezungumza. Nikainua kichwa. Watu walikuwa wanashuka kwenye maji, wanaume kwa wanawake, kama arobaini hivi, na mbele yao wanaume wanne wamebeba jeneza la msikiti wa Kiwayu.

 Nilijua moja tu: kuna aliyefariki ng'ambo, na wamemleta nimpeleke kwa gari, na gari langu halina taa. Nikamfikiria Bi Somoe kwanza, Mungu anisamehe. Nikateremka mbio hadi ufukweni, giza limeshaingia, uso wangu mweusi kwa grisi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, hakuna aliyenitambua, na yule wa mbele alikuwa ameshachoka kwa kukanyaga matope, basi nikampokea, nikaweka mti wa jeneza begani.

Lilikuwa jepesi. Jepesi sana. Nikamkumbuka mwanangu, na nikaomba kimya kimya lolote lile isipokuwa hilo. Aliyekuwa ubavuni mwangu ni shemeji yangu Shee, kakake Mwanahawa. Nikamuuliza kwa sauti iliyokauka ni nani aliyefariki.

"Athmani," akasema bila kunitazama. "Athmani wa Mwanahawa. Na watu wawili pamoya naye. Taa zilikuwa tisa, tatu kwa kila mtu, na zatoka uwanjani kwake."

Kumbe jeneza lilikuwa tupu, limekuja kunichukua mimi. Sasa mtu mwenye akili hapo angesema, ndugu yangu, Athmani ni mimi. Nami nilikusudia kusema, wallahi nilikusudia, lakini kwanza nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, na kabla sijamaliza nikasikia Shee anasema kwamba amenisamehe ule wavu wake niliouchana nikakana. (Niliuchana kweli.) Mwingine nyuma akasema amenisamehe maneno fulani. Mnajua ada yetu, maiti haendi na kinyongo cha mtu, kila mwenye lake hulitoa. Basi nikanyamaza. Nilitaka kusikia, ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote, nilitaka tu kusikia kidogo.

Nikamsikia Bi Somoe akisema nilikuwa mbishi lakini sikumwinulia binti yake sauti hata siku moja. Kisha nikamsikia Mwanahawa. Sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia, na maneno yalitoka moja moja.

"Mimi nimemsamehe. Yote. Nyinyi muwe mashahidi."

Nilitembea hatua kama ishirini nyingine nikijibeba mwenyewe begani, machozi yananichuruzika juu ya grisi, na siwaongopei, nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Huenda ningefika hadi mlangoni kwangu kama si Mwalimu Mutua, ambaye alichoka kusubiri akatoa kichwa dirishani.

"Bwana Athmani, uko wapi? Niwashe ama tuache hadi kesho?"

Na kwa kuwa hakujibiwa, akawasha. Safari hii ya kushoto nayo ikawaka, ila kwa jinsi nilivyoisukuma haikumulika chini kama taa za watu, ilimulika juu, ikanipata usoni sawasawa, mimi na jeneza langu. Shee akanitazama, akalitazama jeneza, akaliachia. Likanishukia mguuni, nikapiga ukelele, na ukelele ule ndio uliowathibitishia watu kwamba mimi ni mzima.

Wengine walikimbilia majini. Bi Somoe alimshukuru Mungu kwanza, kisha akauliza kwa utulivu nani basi aliyekufa. Ikanibidi nieleze habari ya balbu, hapo hapo, mbele ya watu arobaini waliovuka bahari na chakula chao kimebaki jikoni. Mzee mmoja akataka kujua na wale wawili wengine wako wapi. Mwalimu alipofahamishwa kwamba mmoja wa wale wawili walidhani ni yeye, na kwamba kwenye boti walishindana njia nzima kuhusu atakayemzika mtu wa bara, akashuka garini akaketi chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na hesabu yoyote.

Mwanahawa akaja. Akanipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha aliye chini ya ile grisi ni nani, kisha akarudi nyuma hatua moja. Mimi, kwa wepesi wangu wa kichwa, nikaona hapa ndipo pa kumalizia mambo, nikamwambia bora ameshanisamehe na watu wote wamesikia.

"Nilimsamehe maiti," akasema. "Wewe nakuona u mzima."

Watu wakacheka, wengine wakiwa bado na machozi. Yeye hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye ile taa iliyokuwa inamulika vilele vya minazi.

"Taa hii waiyua kuifunga?"

Ile "najua" ikaja mpaka ulimini, niliihisi kabisa. Nikaviangalia vidole vyangu, nikawaangalia watu, nikamwangalia mtoto aliyelala begani kwa Bi Somoe kama hakuna kilichotokea duniani.

"Siyui," nikasema.

"Wa nyuma hawakusikia."

"Siyui," nikasema kwa sauti. "Siyui kuifunga taa, siyui kuliweka gari, na nyumba hii pasi na wewe siyui kuikaa."

Akajifunga mtandio upya. Kisha akageuka akawaambia watu kwamba hakuna anayevuka kurudi na njaa, wamekuja maziko na watakula cha maziko, akamchukua mtoto kwa mamake, akavua viatu mlangoni, akaingia ndani. Nikasikia sufuria. Jamani, sijapata kusikia sauti nzuri kama ya sufuria zile, na nilifurahi hata mguu uliovimba nikausahau.

Fundi wa Hindi alikuja Alhamisi. Alitoa betri kwanza, akashika balbu kwa kitambaa, na kabla chai haijapoa alishamaliza. Aliuliza ni nani aliyeifunga ile ya mwanzo kinyume vile, na Mwanahawa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanitazama nijibu mwenyewe. Nikajibu mwenyewe.

Nimeapa sitafungua tena boneti ya gari lolote, langu wala la mtu, hata kwa kutazama maji tu. Mwanahawa yupo, hajavuka tena ila kwa kuamkia wazee. Lakini msamaha ule wa ufukweni, kila nikimuuliza, huniambia aliutoa kwa maiti na ni wa maiti, amemwekea, atampa siku atakapokuja kweli. Nami nimeridhika kuishi bila ya msamaha, maadamu yupo wa kunilaumu.